Bendera ya Visiwa vya Cocos: Mnazi, Hilali na Nyota Tano



Ndugu zangu wanachuo, somo la toleo hili linahusu bendera ya mahali padogo sana, padogo kiasi kwamba wakazi wake wote wangeweza kukaa katika ukumbi mmoja mkubwa wa mihadhara. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni bendera iliyochorwa na Waislamu walio wachache ndani ya nchi ambayo wengi wake si Waislamu, na hali hiyo sisi wa Burundi tunaijua. Pili, katikati yake pana hilali, na hilali ni jambo tunalolibishania zaidi kuliko tunavyolisoma.

Swali ninalotaka tutoke nalo katika somo hili ni hili: je, hilali ni alama ya Uislamu, au ni alama ya Waislamu? Ukiyasikia maneno hayo mawili haraka utadhani ni kitu kimoja. Nitajaribu kuonyesha kuwa si kimoja, na kwamba tofauti yake ina uzito katika maisha yetu ya chuo.

MAHALI PENYEWE

Chukua ramani ya Bahari ya Hindi. Weka kidole juu ya Komoro, halafu kivute kuelekea mashariki bila kupanda wala kushuka sana. Utapita bahari tupu kwa zaidi ya kilomita 5,000, kisha utafika kwenye vidoto vichache vilivyo karibu na latitudo ya 12 kusini. Hivyo ndivyo Visiwa vya Cocos, ambavyo pia huitwa Visiwa vya Keeling. Ni visiwa 27 vya matumbawe, vingi vyake vimejipanga kama duara kuzunguka maji tulivu, na ardhi yake yote kwa pamoja ni kama kilomita za mraba 14 tu.

Viwili tu ndivyo vyenye watu. Katika Home Island wanaishi Wamalay wa Cocos, ambao ni Waislamu. Katika West Island upo uwanja wa ndege, na wengi wa wakazi wake ni watu waliotoka Australia bara kwa kazi. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu 593 kwa jumla. Visiwa hivi ni sehemu ya Australia, ingawa mji mkubwa ulio karibu wa nchi hiyo, Perth, uko zaidi ya kilomita 2,700 kutoka hapo. Indonesia iko karibu zaidi.

Lugha ya Home Island ni aina ya Kimalay. Hapa nawaomba wanafunzi wa lugha wasikilize. Katika Kimalay, kitambaa kinachopepea mlingotini huitwa bendera. Sisi na wao hatukuazimana neno hilo. Wao walilipata kwa mabaharia Wareno na sisi vilevile, kila mmoja kwenye pwani yake. Kwa hiyo mtu wa Home Island akitamka jina la kitu tunachokisoma leo, mtu wa Buyenzi anamwelewa bila mkalimani.

WATU WALIOKUWA CHINI YA FAMILIA MOJA

Huwezi kuisoma bendera bila kujua walioichora walitoka wapi. Nahodha Mwingereza, William Keeling, aliviona visiwa hivi mwaka 1609. Havikuwa na mtu. Vilibaki hivyo kwa zaidi ya miaka 200. Mwaka 1826 akaja mfanyabiashara Mwingereza aliyeitwa Alexander Hare, pamoja na watu aliowatoa sehemu mbalimbali za kusini-mashariki mwa Asia, wengi wao wakiwa watumwa. Mwaka 1827 akaja nahodha wa Scotland, John Clunies-Ross, na familia yake. Wawili hao hawakuelewana. Hare akaondoka, na watu wakabaki chini ya Clunies-Ross.

Uingereza ilivitwaa visiwa hivyo mwaka 1857, na mwaka 1886 Malkia Victoria akaipa familia ya Clunies-Ross ardhi hiyo iwe yao daima. Tafakarini maana yake. Ardhi ilikuwa ya familia, shamba la minazi lilikuwa la familia, duka lilikuwa la familia, na kazi yote ilikuwa ya kuangusha na kukusanya nazi, kuzipasua na kuzikausha ziwe mbata ya kuuzwa nje. Hata fedha ilikuwa ya familia. Wafanyakazi walilipwa kwa vipande vya plastiki vilivyotolewa na familia, na vipande hivyo vilitumika katika duka la familia hiyo hiyo. Mtu aliyefanya kazi maisha yake yote hakuwa na akiba ambayo ingempeleka popote.

Katika hali hiyo dini haikufa. Walioletwa kama mali ya mtu waliendelea kusali, kufunga, kuwafundisha watoto wao Qur'ani na kuzika maiti zao kwa taratibu za Kiislamu. Hawakuwa na dola, hawakuwa na jeshi, na kwa muda mrefu hawakuwa na bendera. Naomba jambo hili likae akilini, kwa sababu tutalirudia tutakapofika kwenye hilali.

SIKU YA KURA

Tarehe 23 Novemba 1955 Uingereza, ambayo wakati huo iliviendesha visiwa hivi kupitia Singapore, ilivikabidhi kwa Australia. Lakini familia ilibaki na ardhi yake. Baada ya miaka mingi, na Umoja wa Mataifa ukifuatilia, serikali ya Australia ilinunua karibu ardhi yote mwaka 1978 kwa dola za Australia 6,250,000.

Kisha ikafika tarehe 6 Aprili 1984. Siku hiyo wananchi wa Cocos walipiga kura mbele ya waangalizi wa Umoja wa Mataifa wachague mojawapo ya njia tatu: kuwa nchi huru, kuwa na ushirika huru na Australia, au kuungana nayo kabisa. Waliotaka uhuru walikuwa 9. Waliotaka ushirika huru walikuwa 21. Waliotaka kuungana na Australia walikuwa 229.

Mwanafunzi wa siasa anaweza kusikitika kuona watu wanaikataa njia ya uhuru. Mimi naitazama kwa namna nyingine. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1826, watu hawa waliulizwa. Bendera yao ilichorwa mwaka 2003, na aliyeichora ni Mohammed Minkom. Ilipokelewa rasmi tarehe 6 Aprili 2004, yaani miaka 20 kamili baada ya kura. Siku waliyoulizwa ndiyo siku waliyochagua kuipandisha.

TUISOME BENDERA

Kitambaa chote ni cha kijani. Kwenye pembe ya juu iliyo karibu na mlingoti pana duara la rangi ya dhahabu, na ndani ya duara umesimama mnazi. Katikati ya bendera pana hilali ya dhahabu. Upande unaopepea zipo nyota tano za dhahabu, nne kubwa na moja ndogo, zilizopangwa kwa umbo la kundinyota liitwalo Msalaba wa Kusini.

Tuanze na rangi. Kijani tunakijua. Qur'ani inakitaja kama rangi ya mavazi ya watu wa Peponi, katika Suratul-Kahf aya ya 31 na Suratul-Insan aya ya 21, na Waislamu wa nchi nyingi wamekipenda. Lakini kijani na dhahabu kwa pamoja ni rangi za taifa la Australia. Zilitangazwa rasmi tarehe 19 Aprili 1984, siku 13 tu baada ya kura ya Cocos. Kwa hiyo kijani hicho kinasomeka mara mbili. Mwislamu anakitazama na kuona rangi anayoijua. Mwaustralia wa Perth anakitazama na kuona rangi ya timu yake ya taifa. Hakuna kati yao aliyekosea.

Pili, mnazi. Katika elimu ya bendera, pembe ya juu karibu na mlingoti ni mahali pa heshima. Bendera ya Australia imeweka pale bendera ya Uingereza, kumbukumbu ya dola iliyoitawala. Watu wa Cocos nao walitawaliwa na dola hiyo hiyo, na juu yake familia moja. Wangeweza kuweka alama ya wakubwa hao katika pembe hiyo. Wameweka mti. Na mti huo ndio uliokuwa kazi ya babu zao, chakula chao, na pia kifungo chao, kwa sababu ni kwa ajili ya mbata yake waliletwa na kuzuiwa pale. Ninavyoisoma mimi, wameuchukua mti ule kutoka mikononi mwa mwenye shamba wakausimamisha mahali pa heshima kama mti wao. Hakuna jina la familia ile juu ya kitambaa. Jasho la waliokwea minazi lipo.

Tatu, nyota. Kundinyota hili liko pia juu ya bendera ya Australia, na hapa linasema kwamba visiwa hivi ni sehemu ya nchi hiyo. Najua wapo watakaouliza: Waislamu wanabebaje kitu kinachoitwa msalaba? Jibu ni kwamba jina ni la mabaharia wa Ulaya, lakini nyota ni za Mwenyezi Mungu, na zilikuwepo kabla ya jina. Suratul-An'am, aya ya 97, inatukumbusha kuwa nyota zimewekwa ili watu waongoke kwazo katika giza la bara na bahari. Jaribu mwenyewe. Mwezi wa Mei, baada ya sala ya Isha, nenda mahali pasipo na taa nyingi kando ya Ziwa Tanganyika, utazame kusini wakati mbingu ni safi. Utaziona nyota zile zile zinazoonekana Home Island.

Nne, hilali. Imewekwa katikati kabisa. Hapa tusimame kidogo.

HILALI NI YA NANI?

Wengi wetu tumekua tukiona hilali juu ya minara ya misikiti, kwenye kadi za Idi, kwenye magari ya kubebea maiti. Ni rahisi kudhani kuwa imeamrishwa. Haikuamrishwa. Qur'ani inaitaja miandamo ya mwezi katika Suratul-Baqarah, aya ya 189, na kazi yake imeelezwa pale pale: ni vipimo vya nyakati kwa watu na kwa Hija. Kwa hilali tunajua Ramadhani imeingia, tunajua Idi imefika. Hilali ya mbinguni ina kazi katika ibada. Hilali ya kitambaani ni habari nyingine.

Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa na bendera. Riwaya zinataja bendera nyeusi na bendera nyeupe. Hilali haikuwa alama yake. Katika vita vya Mu'ta, mwaka wa 8 Hijria, bendera ilishikwa na Zayd bin Haritha akauawa, ikashikwa na Ja'far bin Abi Talib akauawa, ikashikwa na Abdullah bin Rawaha akauawa, kisha ikashikwa na Khalid bin al-Walid. Masahaba hao (R.A.) hawakupigania mchoro. Bendera ilikuwa inaonyesha jeshi limesimama wapi, na kuishika kulikuwa amana.

Umbo la hilali na nyota lilikuwepo kwenye sarafu za Wasasani wa Uajemi na za mji wa Byzantion kabla ya Uislamu. Dola ya Uthmania ndiyo iliyoipeleka hilali mbali, hasa katika karne ya 18 na ya 19, ilipokuwa inapanga bendera zake za majini na za taifa. Kutoka hapo nchi nyingine zikaichukua, ikiwemo Pakistan mwaka 1947.

Sasa tazama mifano inayopingana. Indonesia ina Waislamu zaidi ya milioni 200, na bendera yake ni nyekundu na nyeupe bila hilali. Saudi Arabia, yenye Makka na Madina, haina hilali juu ya bendera yake. Ina Shahada na upanga. Singapore, ambayo Waislamu wake ni wachache, ina hilali juu ya bendera yake, na maelezo rasmi ya nchi hiyo yanasema hilali hiyo ni taifa changa linalochomoza. Kama hilali ingekuwa alama ya dini yenyewe, mambo yasingekuwa hivi.

Hivyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili: hilali ni alama ya Waislamu, nayo haikuwekwa na Uislamu. Ni neno ambalo watu wamelichagua kujieleza kwalo. Anayeiacha hajapungukiwa na dini. Anayeiweka hajaongeza kitu katika dini yake. Lakini neno la watu nalo lina thamani yake, na thamani hiyo inategemea maisha ya wanaolitamka. Ndiyo maana niliwaomba mkumbuke wale waliosali miaka yote ya vipande vya plastiki. Hilali ya Cocos ilikuja ikaikuta dini tayari imelindwa kwa vizazi bila kitambaa chochote. Inashuhudia jambo lililokwisha kutendeka.

SISI NA NEMBO YETU

Katika jumuiya yetu mjadala wa nembo hurudi karibu kila mwaka wa masomo. Upande mmoja unataka hilali kubwa, ionekane kutoka mbali, ili watu wajue tupo. Upande wa pili unasema tuitoe, kwa kuwa haina asili katika Sunna. Upande wa tatu hausemi kwa sauti, lakini upo: unaogopa kwamba alama itatutenga na wanafunzi wenzetu, na kwamba kesho mwajiri akiiona atatupa barua pembeni. Huu wa tatu ndio unaoniumiza, kwa sababu nawajua wenzetu wanaosita kuandika majina yao kamili kwenye barua ya kuomba kazi.

Bendera ya Cocos ina la kumwambia kila mmoja. Kwa upande wa kwanza inasema: hilali ya kweli hutanguliwa na sala. Jumuiya yenye nembo kubwa na safu tupu za Alfajiri imechora kitu kisicho na mwenyewe. Kwa upande wa pili inasema: mmesema kweli kuhusu asili yake, lakini jambo la ada halihitaji kupigwa vita ilimradi watu hawalifanyi kuwa ibada. Kwa upande wa tatu inasema: Waislamu mia chache, katika nchi ambayo sensa ya 2021 iliwahesabu Waislamu kuwa asilimia 3.2 ya watu wote, wameweka imani yao katikati ya kitambaa na nchi yao kando yake, na hakuna kimoja kilichokifunika kingine. Hawakujificha na hawakujitenga.

Sisi pia tuna nchi. Bendera yetu ina nyota tatu zinazosimamia umoja, kazi na maendeleo, na hakuna hata moja katika tatu hizo ambayo Mwislamu anazuiwa kuibeba. Suratul-Hujurat, aya ya 13, inasema tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane, na mtu hajulikani akiwa amejificha.

Lakini jambo ninalowaonea wivu watu wa Cocos kuliko yote ni ule mnazi. Hilali tunaweza kuichukua kwa yeyote, na nyota za nchi tumepewa. Mnazi ni wao peke yao: ni historia yao, pamoja na uchungu wake. Je, sisi mnazi wetu ni upi? Katika mji wa Bujumbura, mtu akiitwa Mswahili mara nyingi inakusudiwa kuwa ni Mwislamu. Wengine hulisema neno hilo kwa dharau. Lakini Kiswahili ndicho lugha tuliyofundishiwa madrasa, ndicho tunachozungumza sokoni Buyenzi, na ndicho unachosoma sasa. Labda nembo yetu ianzie hapo, katika kitu ambacho wengine walikifanya dharau nasi tukakitia mahali pa heshima. Hilo ndilo pendekezo langu kwa kamati, na nitaridhika likipingwa kwa hoja.

MASWALI YA DARSA

1. Eleza tofauti kati ya kazi ya hilali katika Suratul-Baqarah aya ya 189 na matumizi yake juu ya bendera.

2. Kwa nini tarehe 6 Aprili ina uzito katika historia ya bendera ya Cocos?

3. Linganisha pembe ya juu ya bendera ya Australia na ile ya Cocos. Kila moja inamkumbuka nani?

4. Toa mfano wa nchi ya Waislamu wengi isiyo na hilali, na wa nchi yenye hilali isiyo ya Waislamu wengi. Mifano hiyo inathibitisha nini?

5. Kama ungepewa kazi ya kuchora nembo ya jumuiya yetu, ungeweka nini katika pembe ya heshima, na kwa nini?

Majibu ya swali la tano yaletwe kwa maandishi, yenye sahihi ya jina kamili la mwandishi.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe watu ambao matendo yao yanatangulia alama zao. Wabillahi tawfiq.